Shuka la Maua

Kabla kengele ya asubuhi haijagongwa, wasichana wa bweni la juu walikuwa macho tayari, kwa sababu funguo zilitangulia kengele. Zilianza kusikika mwisho wa korido, chaka-chaka, chaka-chaka, zikasogea mlango kwa mlango mpaka miguuni mwa vitanda. Matroni alizifunga kiunoni kwa mkanda, rundo zima: za vyumba, za stoo, za chumba cha wagonjwa, na moja yenye kutu ambayo hakuna aliyejua inafungua nini. Ndiyo maana wasichana walimwita Mama Funguo. Walidhani hajui kwamba anaitwa hivyo. Lo! Alijua tangu siku ile ile waliyompa jina, ila alinyamaza nalo.

"Haya, mabinti, amkeni! Vitanda, meno, ndoo! Usingizi haujawahi kumfaulisha mtu mtihani!"

Hapo vurugu ikaanza. Huyu anatafuta kiatu cha kushoto, yule anagombania bomba, mwingine anatandika kitanda huku mwenzake bado yumo. Msichana mmoja wa darasa la sita hakuhitaji kuambiwa lolote. Alikuwa ameshatandika, shuka limenyooka, naye amesimama kando ya kitanda mikono nyuma. Wenzake walimwita Binti Funguo, maana Mama Funguo alikuwa mama yake mzazi.

Ungedhani kusoma kwenye shule anayofanya kazi mama yako ni raha mustarehe. Thubutu! Siku ya kwanza, pale langoni, mama alimshushia begi, akamtazama usoni, akamwambia, "Mwanangu, tukivuka lango hili, mimi ni Matroni, na wewe ni mwanafunzi kama wengine. Sitaki mtu aseme nakupendelea. Likizo ikifika, mimi ni mama yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

"Nani?"

"Matroni."

Mama huyo akiahidi jambo, alilitimiza na kuzidisha. Ndoo zikipungua, aliyekosa alikuwa Binti Funguo. Ukaguzi ukianza, kabati la kwanza kufunguliwa lilikuwa lake. Wengine wakiumwa kichwa waliwekewa kiganja kwenye paji la uso na kuambiwa, "Pole, mwanangu." Yeye akiumwa kichwa aliambiwa akanywe maji. Na neno hilo, "mwanangu", lilimkera kuliko yote. Bweni zima lilikuwa "mwanangu", isipokuwa mwana mwenyewe.

Alivumilia muhula wa kwanza wote. Muhula wa pili ukaanza, ndipo akaja yule mgeni.

Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la tano, aliyelelewa na bibi yake, na hakuwahi kulala mbali naye hata siku moja. Ukimuuliza jambo, alikujibu kwa mabega. Haikupita wiki akabandikwa jina la Kimya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo Binti Funguo hakushangaa alipomkuta bafuni analia peke yake. Alichoshangaa ni yaliyofuata.

Mbele ya bweni palikuwa na maua, na kila muhula Matroni aliteua msichana mmoja wa kuyamwagilia. Kazi hiyo ilipiganiwa. Mwenye kazi aliamka kabla ya wenzake, akawa na bomba lake peke yake bila foleni, na akimaliza alioga kwa nafasi. Binti Funguo aliiomba muhula wa kwanza, akaambiwa angoje. Muhula wa pili akaiomba tena, Matroni akasema, "Nitafikiria." Alifikiria, kisha akampa Kimya, mgeni wa juzi, ambaye wala hakuiomba.

Wivu ukamwingia Binti Funguo. Tangu hapo hakungoja tena sauti ya funguo. Aliamka mapema na kulala macho wazi, akisikiliza. Alimsikia Matroni akija kwa kunyata, amezishika funguo mkononi zisilie, akainama kwenye kitanda cha Kimya na kunong'ona, "Amka, mwanangu, maua yana kiu." Kisha wawili hao wakatoka, Matroni amebeba bonge la nguo kwapani.

Asubuhi moja aliwafuata hadi dirisha la korido. Chini, kando ya bomba, Kimya alikuwa amevaa sweta la Matroni, lile la kijani lenye kifungo kimoja tofauti, limemfika magotini. Birika la Matroni lilikuwa linafuka moshi kando ya ndoo. Maji ya moto! Bweni zima linaoga ya baridi huku meno yanagongana, na huyu anachemshiwa! Matroni alishika ncha moja ya shuka, Kimya akashika nyingine, wakawa wanalikamua, mmoja anazungusha kulia, mwenzake kushoto, maji yakichuruzika katikati. Shuka likamponyoka Kimya na kuwarushia maji wote wawili, wakacheka. Kimya, ambaye hakuwahi kumchekea mtu!

Machozi yalimlengalenga Binti Funguo pale dirishani. Kukamua mashuka ilikuwa kazi yake. Nyumbani, siku ya kufua, yeye ndiye aliyeshika ile ncha ya pili, tangu alipokuwa mdogo kiasi cha kuburutwa na shuka lenyewe. Tena shuka lile alilijua. Jeupe, lenye maua madogo ya samawati, limekuwa jembamba kwa kufuliwa. Lilikuwa shuka lake la utotoni! Mama alikuwa amelitoa kabatini nyumbani, akampa mtoto wa watu.

Mwingine angejiuliza kwa nini shuka moja linafuliwa kila asubuhi. Lakini wivu hauulizi maswali, wenyewe unajua kutoa majibu tu.

Mchana huo alimfuata Matroni kwenye chumba cha kupigia pasi.

"Matroni, naomba kuuliza."

"Uliza, lakini mikono isikae bure. Kunja foronya hizo."

"Kimya anatuzidi nini sisi wengine?"

Pasi ikasimama. "Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Wewe ndiye unayefanya. Anaoga maji ya moto. Anavaa sweta lako. Analalia shuka langu."

Matroni alitazama korido, akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie mtu. Kila mtoto humu anapewa anachokihitaji. Yeye anahitaji hicho."

"Na mimi sihitaji kitu?"

Swali hilo lilikuwa na jibu la mama, na lilikuwa na jibu la matroni. Nje wasichana walikuwa wakipita, na foronya za bweni zima zilikuwa zinangoja pasi. Matroni akachagua jibu la matroni.

"Wewe unahitaji kuzikunja vizuri hizo foronya. Kona zimepishana."

Binti Funguo alizikunja. Alizikunja vizuri sana, kisha akatoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa Redio.

Redio alikuwa jirani yake wa kitanda, na jina lake lilimstahili. Ukimwambia jambo wakati wa chai, wakati wa chakula cha mchana linakurudia likiwa limenenepa. Alisikiliza habari za maji ya moto huku macho yanang'aa kwa furaha.

"Si nilikuambia? Mama Funguo amepata mtoto mpya. Wewe umeshapitwa na wakati, dada yangu."

"Nyamaza bwana."

"Mimi nitanyamaza, na wengine je? Lisemwalo lipo!"

Kufika jioni bweni zima lilikuwa linamtazama Kimya kwa jicho la pembeni. Mmoja akamuuliza kama maji ya leo yalimkolea joto. Mwingine akamwita Binti Mfalme. Kimya alijibu kwa mabega, kama kawaida yake, na akala nusu ya chakula chake.

Siku ya pili yake mwalimu wa nidhamu akaja kukagua. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye kutembea na rula, na kwake dunia iligawanyika mara mbili, yaani vilivyonyooka na visivyonyooka. Alipita kitanda kwa kitanda mpaka akafika cha Kimya, akainua blanketi kwa ncha ya rula.

"Kanuni inasema shuka jeupe tupu. Hili la maua limetoka wapi?"

Kimya akapandisha mabega.

"Mabega hayasemi, binti. Limetoka wapi?"

Kimya akayapandisha tena. Matroni hakuwapo, alikuwa bweni la chini na msichana mwenye homa. Mwalimu akalivua shuka lile, akalikunja, akatoka nalo. Kule stoo kulikuwa na mashuka ya msaada yaliyoletwa kwa ajili ya chumba cha wagonjwa, ya rangi kila namna, na kila mtu alikuwa amesikia kwamba mwalimu ameyahesabu akakuta yamepungua.

Binti Funguo alimfuata, akamfikia kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mwalimu, hilo shuka limetoka stoo."

"Una hakika?"

"Nilimwona Matroni akilitoa. Humpa Kimya peke yake."

Uongo ulimtoka kwa wepesi kama mtu anayesoma ubaoni. Alijua fika shuka limetoka nyumbani kwao. Hakutaka kumwangamiza mtu. Alitaka tu Kimya anyang'anywe shuka, Matroni akaripiwe kidogo, kisha mambo yarudi yalivyokuwa.

Mwalimu alimtazama kwa heshima. "Na huyo ni mama yako. Kusema kweli juu ya mzazi wako si jambo jepesi. Nitalificha jina lako."

Sifa ile ilimkwama Binti Funguo kifuani kama tonge kavu.

Kesho yake alipeleka madaftari kwenye ofisi ya walimu, akasikia jina la mama yake kabla hajabisha hodi. Akasimama nje ya mlango.

"Kazi ya matroni ni funguo na hesabu," mwalimu wa nidhamu alikuwa anasema. "Awahesabu wanapolala, awahesabu wanapoamka, na stoo isipungue. Huyu wetu ameanza kulea."

"Kulea si kosa," akasema mwalimu wa sayansi. "Ila mbona mtoto mmoja tu?"

"Mimi nilidhani matroni ameajiriwa kuhakikisha wanalala usiku wasije wakalala kwenye hesabu zangu," akadakia mwalimu wa hesabu. "Kama ndiyo hivyo, kazi haijui, maana wanakoroma."

Wengine wakacheka. Mwalimu Mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakucheka.

"Mashuka ya wagonjwa yakipelekwa kwenye kitanda cha mtu mmoja anayependelewa, hilo si jambo la kukaripiana. Ni jambo la mtu kupoteza kazi. Kesho mchana tutakwenda bwenini, tusikie."

Kupoteza kazi! Madaftari yalikaribia kumwanguka Binti Funguo. Baba yake alikuwa dereva wa lori ambalo lililala gereji zaidi kuliko lilivyotembea barabarani. Kilichomlisha mdogo wake, na shangazi anayemlea, kilitokana na zile funguo za chaka-chaka. Masomo yalipokwisha alikimbia bwenini, akamkuta Matroni kwenye korido amebeba mabeseni.

"Matroni, nataka kukwambia kitu."

"Si sasa, binti. Nimeambiwa niandae ukumbi wa bweni." Uso wake ulikuwa umechoka. "Hujui shuka lile liko wapi? Halipo kitandani pa Kimya."

Binti Funguo alifungua mdomo. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wake ulikuwa mzito kama jiwe. "Sijui," akasema, na huo ukawa uongo wa pili.

Kesho yake mchana wasichana wote walikaa ukumbini, wengine kwenye mabenchi, wengine sakafuni. Mbele palikuwa na meza, na juu ya meza shuka la maua. Matroni alisimama kando, mikono mbele, funguo zimetulia kiunoni. Kimya alikaa karibu na mlango, peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaa naye.

"Kabla ya lolote," akasema Mwalimu Mkuu, "nataka kuwauliza nyinyi mnaoishi naye. Kazi ya matroni ni nini?"

"Kutunyima usingizi!" Redio akapaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Kukagua kucha!"

"Kutafuta soksi zetu!"

"Kukaa na mtu akiumwa mpaka daktari afike."

Msichana mdogo kuliko wote, wa darasa la nne, akainua mkono. "Kujua."

"Kujua nini, mwanangu?"

"Kujua tu, Mwalimu. Hata ukinyamaza, yeye anajua."

Hakuna aliyecheka hapo. Mwalimu wa nidhamu akakohoa, akaweka rula juu ya meza.

"Matroni, shuka hili lilikuwa kwenye kitanda cha mwanafunzi mmoja. Umelitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Mwanafunzi wa bweni hili ameniambia alikuona ukilitoa stoo."

Matroni alishtuka. Macho yake yakazunguka ukumbi, si kwa hasira, ila kama mtu anayehesabu wanawe na kukuta mmoja hayupo. "Aliyesema hivyo amekosea. Ni langu."

"Kuna mtu wa nyumbani kwako anayelijua?" akauliza Mwalimu Mkuu.

Vichwa vyote vikamgeukia Binti Funguo. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Yupo," Matroni akajibu. "Lakini hapa huyo ni mwanafunzi kama wengine. Sitamsimamisha mtoto wangu kuwa shahidi wangu."

"Basi tueleze. Kwa nini mtoto mmoja aamshwe peke yake, achemshiwe maji, apewe shuka lako?"

Matroni akalitazama shuka mezani.

"Hiyo ni kazi yangu," akasema mwishowe.

"Kazi yako ni funguo na hesabu," mwalimu wa nidhamu akasema. "Haya mengine lazima uyaeleze."

"Nikiyaeleza hapa, Mwalimu, nitakuwa nimeiacha kazi yenyewe."

"Basi itatubidi tuchukue funguo mpaka jambo hili liishe."

Matroni hakubisha. Alifungua mkanda kiunoni, akauchomoa, akauweka mezani pamoja na rundo lote. Siku zote funguo zile zilikuwa na sauti ya mtu anayekuja, na leo wasichana walizisikia kwa mara ya kwanza zikiondoka. Mwalimu wa nidhamu akalisogeza shuka kuzipa funguo nafasi, likakunjuka, akaliinua ili alikunje tena. Mwanga wa dirisha ukapita ndani yake, kwa jinsi lilivyokuwa jembamba.

Ndipo Binti Funguo akakumbuka.

Alikuwa darasa la pili. Binamu zake walikuwa wamekuja likizo, wamelala wote chumba kimoja, na alfajiri aliamka godoro limelowa. Alijikunyata pembeni akiomba ardhi immeze. Mama akaja bila kuwasha taa, akamvisha sweta la kijani, akamnong'oneza, "Amka, mwanangu, twende tukamwagilie mboga." Anayemwagilia hulowa, na hakuna anayemuuliza kwa nini amelowa. Walilikamua shuka pamoja kando ya bomba, wakalianika, na kwa wembamba wake likakauka kabla ya binamu kupiga miayo. Ilikuwa hivyo asubuhi nyingi, mpaka mwili wenyewe ukaacha. Hakuna aliyejua kamwe. Hata yeye alikuwa amesahau, maana aibu iliyofichwa vizuri na anayekupenda husahaulika.

Kumbe maua hayakuwa na kiu! Kumbe maji ya moto, sweta, kunyata kwa funguo, vyote vilikuwa ukuta wa kumkinga mtoto mmoja na macho ya wenzake. Na yeye, kwa mikono yake, ameubomoa.

Akamtazama Kimya. Kimya alikuwa ameshika sketi yake kwa ngumi mbili, na anaanza kuinuka. Alikuwa anataka kusema. Mtoto asiyejibu hata salamu alikuwa tayari kusimama mbele ya bweni zima na kuitangaza siri yake, ili Matroni arudishiwe funguo.

Binti Funguo akasimama kabla yake.

"Ni mimi, Mwalimu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye niliyekwambia limetoka stoo. Nilisema uongo. Shuka ni la nyumbani, nami nilijua ni la nyumbani. Tazama kona ya chini, pana kiraka cha rangi ya machungwa. Ni kitambaa cha sare yangu ya chekechea. Nimelilalia shuka hilo miaka."

Mwalimu wa nidhamu akaigeuza kona. Kiraka kilikuwapo.

"Kwa nini useme uongo juu ya mama yako?" Mwalimu Mkuu akamuuliza taratibu.

"Kwa wivu." Machozi yakaanza, akayaacha yateremke. "Kila mtu humu ni mwanawe, mimi ni mwanafunzi tu. Nikamwona Kimya na shuka langu. Nikaona wivu mpaka nikaumwa."

"Sawa," mwalimu wa nidhamu akasema, kwa sauti iliyopungua ukali. "Lakini bado sijaelewa. Kwa nini apewe yeye?"

Kimya aliinamisha kichwa. Matroni akavuta pumzi. Binti Funguo akajipangusa uso kwa kiganja, akamtazama mwalimu moja kwa moja.

"Kwa sababu mimi silihitaji tena, Mwalimu."

Lilikuwa jibu la kweli, tena halikumchoma mtu. Mwalimu Mkuu, ambaye alilea watoto wake mwenyewe na alijua maana ya shuka jembamba, akamtazama Binti Funguo, akamtazama Matroni, kisha akatazama kiraka. Akaelewa. Akazichukua zile funguo mezani na kumkabidhi Matroni kwa mikono miwili.

"Mkutano umekwisha. Matroni, chukua funguo zako. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Mashuka ya stoo yaliyopungua yalikutwa nyuma ya jiko siku hiyo hiyo, yameanikwa, maana mgonjwa wa bweni la chini alikuwa ametapika. Mwalimu wa nidhamu alikuja mwenyewe kumwomba radhi Matroni. "Nilihesabu ya kwenye rafu," akasema, "nikasahau ya kwenye kamba." Redio naye, pasipo kuambiwa na mtu, alikwenda kukaa meza moja na Kimya wakati wa chakula, akaongea kwa niaba ya wote wawili.

Binti Funguo alipewa adhabu ya kufagia ngazi mpaka mwisho wa muhula, na hakulalamika. Jioni Matroni alimwita chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umeniumiza," akasema. "Sitakuficha."

"Nisamehe, Matroni."

"Ndani ya chumba hiki, mlango ukiwa umefungwa, niite Mama. Hilo ni kosa langu mimi, nilisahau kwamba mtoto hawezi kungoja likizo ndipo awe na mama." Akampapasa mgongo. "Niliogopa sana watu waseme nakupendelea, nikakunyima hata kile ninachowapa wote."

Binti Funguo akalia kifuani mwake kama mtoto mdogo. Alipotulia, akauliza, "Mama, mbona hukuniambia tu?"

"Ningekuambiaje? Siri ilikuwa ya mwenzako. Hata yako sikuwahi kumwambia mtu, hata baba yako. Daktari amenieleza kwamba ni mwili tu, mtoto akitenganishwa na aliyemzoea mwili hupata hofu, na hofu ikiisha mwili hutulia. Dawa yake ni kuamshwa, kufarijiwa na kutochekwa. Lakini mimi nilikuwa nimeijua dawa hiyo kabla ya daktari. Ulidhani nimempa cha kwako. Mwanangu, nilimpa nilichojifunza kwako."

Binti Funguo akajifuta machozi.

"Sikiliza, na ulishike," mama akaendelea. "Wivu humwonyesha mtu nusu ya jambo, kisha humfanya alitangaze kama lote. Siku ukijikuta unaumwa kwa kile alichopewa mwenzako, uliza kwanza amepungukiwa na nini. Na ukikosea, sema kweli mapema. Leo umechelewa, lakini umesema mbele ya wote, na hukumwaga siri ya mtu ili ujisafishe. Hapo nimejua nimezaa."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele na kabla ya funguo, Kimya alikuwa chini kando ya bomba, anahangaika na shuka la maua peke yake, ncha moja ameibana kwa magoti. Akasikia nyayo, akaruka na kulificha nyuma yake. Alikuwa Binti Funguo, ameshika birika linalofuka moshi.

Kimya akamtazama kwa hofu. "Wewe unajua?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu afike shuleni.

"Najua kukamua shuka," Binti Funguo akajibu, akalitua birika, akanyoosha mkono. "Lete ncha hiyo. Mimi nazungusha kulia, wewe kushoto. Shika sana, linateleza."

Wakazungusha mpaka maji yote yakatoka, na Matroni, aliyekuwa amefika mlangoni, akazikamata funguo zake zisilie, akarudi ndani.